Radi za Usiku na Shwari ya Alfajiri

Ibaba ni kata ya milimani katika wilaya ya Ileje, pembeni kabisa mwa kusini-magharibi ya Tanzania, si mbali na mto Songwe ambao ndio mpaka wa nchi hii na Malawi. Zamani ilihesabiwa katika mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 imo katika mkoa wa Songwe. Wakazi wake ni wakulima. Mvua zao huanza kadiri ya mwezi wa Novemba, zikakoma Aprili au Mei, na baada ya hapo huja miezi ya baridi na ukavu. Katika majira ya mvua siku huweza kwenda kwa mwendo mmoja unaofahamika: asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hupanda juu ya vilele kama minara, jioni upepo hugeuka, na usiku ngurumo hutikisa mapaa. Kukipambazuka mambo yote yamebadilika. Ukungu mweupe umelala mabondeni, majani yanadondoka maji, anga ni safi, wala hakuna jani linalotikisika.

Kati ya usiku ule na alfajiri ile, mwanadamu amejiuliza maswali mawili tangu kale. La kwanza, je, radi itakuja usiku huu? La pili, je, utulivu huu ni wa kuaminiwa? Historia ya utabiri wa mvua za ngurumo katika Afrika ya Mashariki ni historia ya watu waliojaribu kujibu maswali hayo, kila kizazi kwa elimu yake. Nyuma ya maswali hayo liko la tatu, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini zaidi: radi ikiua, nani alaumiwe? Swali hilo la mwisho si la wataalamu wa anga, lakini jibu lake limefungamana na kazi yao kuliko wengi wanavyodhani.

Watu wa pwani walitangulia kuzipa hali za hewa majina na hesabu. Walijua kaskazi na kusi, pepo mbili zilizogawanya mwaka wa baharia. Walijua maleleji, muda wa utulivu kati ya pepo hizo. Walitofautisha matlai, upepo utokao upande wa mawio, na umande, upepo wa nchi kavu uvumao kuelekea baharini usiku na alfajiri. Mwaka wao wa jua ulianzia Nairuzi, ukahesabiwa siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na mkulima au nahodha aliyejua mwongo alijua pia wakati wa kupanda na wakati wa kutweka tanga. Elimu hiyo ilikuwa kubwa, nayo haijafutika Unguja mpaka leo. Lakini ilikuwa elimu ya majira. Ilimwambia baharia mwezi wa kusafiri. Haikumwambia kama usiku wa leo utakuwa na radi.

Katika milima iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa elimu ilishika njia nyingine. Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey katika Unyakyusa miaka ya 1930, ameeleza kwa urefu habari za Lwembe wa Lubaga, mtawala mtukufu ambaye afya yake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi. Lwembe akiwa na nguvu, mvua ilitarajiwa kunyesha na mimea kustawi. Akidhoofika, nchi nzima ilihofu. Kwa watu wa namna hiyo hali ya hewa haikuwa jambo la anga peke yake. Ilikuwa sehemu ya utawala, ya undugu, na ya hesabu ya haki na makosa. Ukame au mafuriko yalikuwa kama hukumu iliyotolewa juu ya jambo fulani lililofanywa na watu. Fikira hiyo iliunganisha jamii wakati wa shida, maana iliwalazimu watu kupatana kabla ya kuomba mvua. Lakini ilikuwa na upande mwingine. Mvua yenye mwenyewe ina mtu wa kushukuriwa, na radi yenye mwenyewe ina mtu wa kulaumiwa.

Pamoja na fikira hizo, wazee wa kila kijiji walikuwa na dalili zao za kila siku. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu ni muhtasari tu wa elimu iliyokuwa pana. Joto zito lisilo na upepo baada ya adhuhuri, kumbikumbi watokao ardhini, upepo wa baridi ushukao ghafula kabla ya tone la kwanza, wingu ambalo kichwa chake kimetandazika kama fuawe la mhunzi: haya yote yalisomwa na watu ambao maisha yao yalikuwa shambani. Sayansi ya leo haikuyakanusha mengi katika hayo. Joto zito la mchana ni alama ya unyevu mwingi uliokusanyika hewani. Upepo wa baridi wa ghafula ni hewa iliyopozwa na mvua inayonyesha upande wa pili wa mlima. Upungufu wa dalili hizo ulikuwa katika muda. Nyingi zilimwonya mtu kwa dakika chache, au kwa saa mbili tatu, wala hazikuweza kumwambia mchana jambo litakalozaliwa usiku wa manane kilomita mia mbali.

Kuja kwa utawala wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kulileta jambo geni, nalo ni kipimo. Vyombo vya kupimia mvua na joto viliwekwa katika bandari, mashamba makubwa na vituo vya misheni, na matokeo yakaandikwa katika madaftari. Kwa mara ya kwanza mvua ya mwaka huu iliweza kulinganishwa na ya mwaka jana kwa tarakimu, wala si kwa kumbukumbu za wazee peke yake. Lakini kipimo kina tabia zake. Katika mazoea yaliyoenea baadaye, kipimamvua kilisomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Msomaji wa chombo alikuta maji, akayapima, akaandika, akayamwaga. Chombo hicho kilisema habari za jana tu. Tena hakikusema kama maji yale yalinyesha alasiri au usiku wa manane. Kwa hiyo kwa muda mrefu usiku ulibaki umefichika ndani ya tarakimu: ulihesabiwa, lakini haukuonekana.

Mwaka 1929 Waingereza waliunganisha kazi za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja katika idara moja, makao yake Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Albert Walter, ambaye kabla ya hapo alikuwa Mauritius. Yafaa kuuliza idara hiyo ilimtumikia nani kwanza. Jibu lapatikana katika historia ya ndege. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua safari za kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo ikaendelezwa mpaka Afrika ya Kusini. Ndege zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuvuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Hivyo ndivyo Mbeya, mji ulio jirani ya Ileje, ulivyoingia katika ramani ya utabiri. Rubani alihitaji kujua mawingu yako wapi na yana urefu gani, naye akaambiwa. Mkulima wa Ibaba, aliyelala chini ya mawingu yale yale, hakuwa katika orodha ya waliotakiwa kuambiwa. Hili halisemwi kwa kulaumu tu. Ni jambo la asili katika historia ya elimu yoyote kwamba hukua kwanza mahali penye fedha na hatari ya wakubwa, kisha, pengine baada ya vizazi viwili, huwafikia wadogo.

Vita vya pili vya dunia vilileta rada. Chombo hicho kilitengenezwa kutafuta ndege za adui, lakini wale waliokitumia waliona kwamba kioo chake kilionyesha pia mvua. Vita vilipokwisha, Marekani ilifanya uchunguzi ambao haukuwa na mfano wake. Katika mwaka 1946 huko Florida, na 1947 huko Ohio, ndege zilirushwa makusudi ndani ya mawingu ya radi, kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja katika kimo chake, huku rada na vituo vya ardhini vikipima kutoka chini. Wakuu wa kazi hiyo, Horace Byers na Roscoe Braham, walitangaza matokeo yake katika kitabu mwaka 1949. Walionyesha kwamba radi ina maisha, kama kiumbe. Huzaliwa pale hewa yenye joto na unyevu inapopanda kwa nguvu. Hufikia utu uzima pale mvua inapoanza kuanguka, na ndani ya wingu moja hewa ya kupanda na hewa ya kushuka huenda bega kwa bega. Huo ndio wakati wa umeme mkali, upepo na mvua ya mawe. Kisha huzeeka. Hewa ya kushuka hushinda, hueneza baridi chini ya wingu, na kuikata njia hewa ya joto iliyokuwa chakula chake. Maisha ya wingu moja la namna hiyo huwa kadiri ya saa moja.

Katika maelezo hayo swali la pili la mwanadamu lilipata jibu lake la kwanza la kisayansi. Utulivu unaofuata radi ni mtoto wa radi yenyewe. Mvua imepoza hewa ya chini na kuifanya nzito. Hewa nzito haipandi. Hewa isipopanda hakuna wingu jipya. Ardhi imelowa, unyevu umejaa, na anga likifunguka joto la ardhi hupotea juu kwa haraka. Ndiyo maana alfajiri ya milimani huamka na ukungu. Lakini elimu hiyo hiyo ilitoa onyo. Ile hewa ya baridi iliyosambaa chini haisimami mahali pamoja. Husukuma mbele kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na pale inapokutana na hewa nyingine yenye joto huinyanyua, na wingu jipya huzaliwa. Mwisho wa radi katika bonde moja unaweza kuwa mwanzo wake katika bonde la pili. Shwari ya Ibaba yaweza kuwa dhoruba ya jirani yake.

Lilibaki fumbo la usiku. Jua ndilo lipandishalo hewa, na usiku hakuna jua. Basi kwa nini radi nyingine kali huja saa nane au saa kumi za usiku? Jibu lilitafutwa zaidi kuliko pengine popote katika Ziwa Viktoria, ambalo uso wake ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Mwaka 1966 Wajerumani wawili, Flohn na Fraedrich, waliandika juu ya mzunguko wa kila siku wa hewa katika ziwa hilo, na mwaka 1970 Lumb alieleza jinsi milima na miinuko iliyolizunguka inavyoongoza radi zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda pwani pande zote. Ndipo radi za alasiri hupiga katika nyanda za juu, kama zile za Kericho zijulikanazo kwa mvua ya mawe inayoharibu mashamba ya chai. Usiku mambo hupinduka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na vuguvugu, na hewa ya baridi hutelemka kutoka milimani pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hapo hewa haina pa kwenda ila juu. Kile ambacho mchana hufanywa na jua juu ya mlima, usiku hufanywa na baridi juu ya maji. Mzee wa pwani aliyeuita umande upepo wa nchi kavu alikuwa ameshika ncha moja ya kamba hiyo hiyo. Ncha ya pili ilikuwa ziwani.

Nchi ya Ileje haiko mbali na mambo hayo. Mashariki yake liko Ziwa Nyasa, lenye kilomita za mraba karibu 29,600, likiwa chini sana, kiasi cha mita 475 tu juu ya bahari, hali milima inayolizunguka upande wa kaskazini hupanda upesi, na mlima Rungwe hufikia karibu mita 2,960. Kyela, iliyo katikati ya ziwa na milima hiyo, ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi kupita zote katika Tanzania. Pahali penye maji ya vuguvugu chini na miteremko mikali juu, mchana na usiku hupokezana kazi ya kuinua hewa. Mtu wa Ibaba hana ziwa mlangoni pake, lakini mawingu yajayo juu yake hayajui mipaka ya wilaya.

Wakati elimu hiyo ilipokuwa ikikomaa, chombo cha kuitumia kilivunjika. Idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imepita mikononi mwa mashirika ya pamoja moja baada ya jingine, mpaka Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na idara yake. Tanzania iliunda kurugenzi, ikageuzwa kuwa Wakala mwaka 1999, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa sheria ya bunge. Katika mambo ya ushuru na reli, hasara ya kuvunjika kwa Jumuiya imeandikwa mara nyingi. Hasara ya anga imeandikwa kidogo. Hata hivyo radi ya Ziwa Viktoria huweza kuzaliwa Kenya mchana na kuua Mwanza usiku, na utabiri uliogawanywa kwa mipaka ni kama mlinzi anayekatazwa kutazama nje ya ua.

Msaada ulitoka juu. Chombo cha kwanza cha kuchunguza hali ya hewa kutoka angani kilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960, na tangu mwanzo wa karne hii vyombo vya Ulaya huipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika 15. Chombo kingine, kilichorushwa mwaka 1997, kilihesabu mimweko ya umeme kwa miaka mingi, usiku na mchana. Hesabu yake iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba mahali penye radi nyingi kupita pote duniani ni Ziwa Maracaibo katika Venezuela, penye mimweko zaidi ya 230 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na pa pili ni Kabare, katika mashariki ya Kongo, penye mimweko zaidi ya 200. Tena ilidhihirika kwamba katika maziwa makubwa ya nchi za joto, kilele cha radi ni usiku. Ule usiku uliofichwa na kipimamvua cha saa tatu asubuhi ulifunuliwa mwishowe.

Mwaka huo huo wa 2016, Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walitangaza kwamba radi kali za usiku katika Ziwa Viktoria hufungamana na radi za alasiri iliyotangulia katika nchi kavu inayolizunguka. Jambo hilo lina thamani kubwa kwa utabiri. Likithibitika kuwa mchana hutoa habari za usiku, basi mtabiri anayetazama picha za mawingu alasiri anazo saa kadhaa za kuonya kabla mvuvi hajasukuma mtumbwi. Katika miaka iliyofuata, Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ziliendesha mradi wa pamoja wa kutoa maonyo kwa watu wa ziwa hilo, na hivyo kazi iliyotenganishwa mwaka 1977 ikaunganishwa tena kwa sehemu. Rada zilisimikwa Dar es Salaam na Mwanza, na mipango ya kuongeza nyingine ikahusisha Mbeya. Kwa mtu wa Ileje hilo ndilo badiliko kubwa, kwa sababu rada haisubiri asubuhi. Huiona mvua inyeshapo, na kuionyesha inakoelekea.

Hata hivyo haifai kuidai elimu zaidi ya uwezo wake. Mtabiri anaweza kusema leo kwamba usiku huu mkoa wa Songwe una uwezekano wa mvua kubwa ya ngurumo, na kesho hali itatulia. Hawezi kusema kwamba radi itapiga mwembe fulani saa sita na robo. Wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache tu na umri wa saa moja. Katika nchi ya milima na mabonde, moja hupita huku na jingine kule. Utabiri ni elimu ya makundi. Huonya wilaya, wala hauonyi nyumba. Mtu asiyelijua hilo, akionywa mara mbili na mvua ikanyesha kijiji cha pili, huona kwamba amedanganywa, na mara ya tatu hasikii. Ndiyo maana Mamlaka hupanga maonyo yake kwa daraja, Angalizo na Tahadhari, ili msikilizaji apime ukubwa wa hatari.

Hatari nyingine imo katika utulivu wenyewe. Watu wengi hujikinga wakati mvua inapovuma, kisha hutoka mara inapopungua. Lakini radi haifuati mvua kwa uaminifu. Umeme huweza kutoka katika sehemu za nyuma za wingu linalozeeka, ukapiga mahali ambapo mvua imekwisha. Ngurumo husikika mpaka umbali wa kilomita 15 hivi, na mtu anayeisikia yuko tayari katika eneo la hatari. Sauti huenda kilomita moja kwa muda wa sekunde 3. Mtu akihesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, akagawanya kwa tatu, atajua radi iko mbali kiasi gani. Kanuni iliyokubaliwa na wataalamu ni kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka. Nusu saa hiyo ni ndefu kwa mwenye ng'ombe waliotawanyika au maharagwe yaliyoanikwa, lakini ni fupi kuliko matanga.

Wala si kila nyumba ni kinga. Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga shule ya Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja wakiwa ndani ya darasa. Mwezi wa Januari 2025 wanafunzi 7 waliuawa shuleni katika wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Darasa lisilo na nondo ya kukinga radi, lenye watoto wengi waliokaa pamoja, wengine miguu mitupu juu ya sakafu, huwa mtego. Umeme ukishuka ardhini husambaa pande zote, na humpata hata yule aliyekuwa hatua kadhaa kutoka mahali ulipopiga. Ndiyo sababu huweza kuua ng'ombe kumi waliosimama chini ya mti mmoja.

Vifo vya namna hiyo ndivyo viletavyo swali la tatu. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na kusini-magharibi ya Tanzania isiyo ya mwisho, wako watu waaminio kwamba radi hutumwa. Mtu akiuawa na radi, mazungumzo ya matanga huweza kugeuka kuwa uchunguzi: alikosana na nani, alidaiwa na nani, nani alimwonea wivu. Sheria ya uchawi iliyowekwa Tanganyika mwaka 1928 ilimhesabu kuwa mkosaji anayejidai kuwa na uwezo wa kichawi. Lakini sheria haiwezi kuzuia mnong'ono. Mara nyingi mnong'ono huo humwangukia mzee asiye na watoto wa kumtetea, au mwanamke mjane.

Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande wa Sudan, alieleza kwamba watu hao walijua vizuri kuwa mchwa ndio walioangusha ghala. Walilotaka kujua ni kwa nini lilianguka saa ile ile ambayo watu fulani walikuwa wameketi chini yake. Hoja hiyo yapasa kukumbukwa na kila anayetaka kuondoa imani ya radi ya kutumwa kwa kuwafundisha watu habari za umeme tu. Mfiwa haulizi jinsi umeme unavyotengenezwa na chembe za barafu zinazogongana ndani ya wingu. Anauliza: kwa nini mwanangu? Sayansi ya anga haina jibu la swali hilo, wala haifai kujifanya inalo.

Lakini utabiri una jambo moja ambalo maelezo matupu hayana: husema kabla. Onyo likitolewa alasiri kwamba usiku huu radi kali zitapiga katika nchi yote ya Ileje na jirani zake, na zikapiga kweli, katika vijiji ishirini, juu ya miti, mifugo na pengine juu ya mtu, ni vigumu kusema kwamba mzee mmoja wa jirani ndiye aliyezituma zote. Radi iliyotangazwa mapema mbele ya watu wote ni ya watu wote. Haina mwenyewe. Kwa njia hiyo onyo la alasiri, pamoja na kumkinga yule anayelisikia, humkinga pia yule ambaye angeshitakiwa kesho yake. Hakuna mtabiri aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, wala haiandikwi katika ripoti za mwaka. Na pengine ni miongoni mwa faida zake kubwa.

Faida hiyo hupotea pale onyo linapokosa lugha. Onyo lililoandikwa kwa maneno ya ofisini, likasomwa kwa haraka na kuishia mjini, haliwezi kushindana na mnong'ono wa kijijini ambao una majina, sababu na lawama tayari. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya hali ya hewa. Lugha iliyojua kutenga umande na matlai, maleleji na shwari, inao uwezo wa kumwambia mkulima kwa ufasaha kwamba leo jioni mifugo irudi mapema, kwamba watoto wasijikinge chini ya mti, na kwamba alfajiri ikiwa tulivu angoje kidogo kabla ya kuifungulia mlango. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye elimu ya anga na mwenye elimu ya lugha wakae meza moja, kisha wote wawili wamsikilize mtu wa kijijini ajuaye upepo wa bonde lake.

Safari hii ni ndefu: kutoka Nairuzi mpaka kipimamvua, kutoka rubani wa 1932 mpaka mvuvi wa leo. Katika safari hiyo usiku ulikuwa wa mwisho kufahamika, na mtu wa milimani alikuwa wa mwisho kuambiwa. Kuufahamu usiku kumefanyika kwa sehemu kubwa. Kumwambia mtu wa milimani bado ni deni, nalo litalipwa siku ambayo mkulima wa Ibaba, akiamka alfajiri baada ya ngurumo na kukuta ukungu umelala bondeni na nyumba ya jirani imepigwa, atakwenda kumpa pole jirani yake bila kumtafuta mchawi.